Jirani Yangu wa Maringo na Ile Karatasi ya Bosi

Mpwa wangu alinipigia simu usiku, baada ya sala ya Isha, na mtu akikupigia saa hiyo kutoka Nairobi ujue kuna jambo. Anakaa Umoja, na kazi yake ni kuwapigia simu watu waliokopa pesa kwa simu ya mkono wakachelewa kulipa. "Mjomba," akaniambia, "kazi hii imenikaa kooni. Kila asubuhi ubaoni huandikwa kiasi cha pesa ninachotakiwa kurudisha. Kikipungua, nasimamishwa mbele ya wenzangu. Jana nimeambiwa nimpigie mamake mdaiwa, mama mtu mzima yuko kijijini, nimtie hofu mpaka auze mbuzi."

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa namna hii kumtisha mdaiwa au kuwasumbua jamaa zake. Mpwa wangu anazijua. Bosi wake pia anazijua. Lakini si hizo alizotaka kuniuliza. Alichotaka kuuliza ni kwamba wenzake kazini, ambao karibu wote ni Wakristo, husali pamoja nusu saa kabla ya kushika simu, nao wamwambia kwamba sala hiyo ndiyo inayowawezesha kuimaliza siku bila ya kurukwa na akili. Wamemkaribisha akae nao. Si asali, akae tu. "Je, Mjomba, pana ubaya?"

Nililipeleka swali hilo barazani kwetu Kibokoni, nikajibiwa kwa haraka kuliko kahawa inavyomiminwa. Mmoja alisema ni haramu, mwingine akasema ni adabu njema tu kwa wenzako, wa tatu akacheka akasema kijana arudi nyumbani auze samaki. Mimi nilinyamaza, maana nilikumbuka ukuta mmoja wa Maringo.

Nilifika Nairobi mwaka 1978, kijana wa Mji wa Kale, nikapata ukarani wa stoo katika Industrial Area na chumba cha kupanga Ofafa Maringo, nyumba za Baraza la Mji. Msomaji asiyeijua Eastlands asidhani ni ugenini mtupu. Nusu ya majina yake ni ya lugha yetu: Bahati, Starehe, Ziwani, Bondeni, Shauri Moyo, Maringo. Kaloleni tunayo na sisi. Mtaa wa Mbotela una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwezi Novemba 1952, naye ni wa ukoo wa Mbotela wa Freretown, hapo Kengeleni tunapopita kila siku, ukoo wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Hata Jerusalem, mtaa ule ambao konda humwita abiria "Jeru", kwa asili ni Baitul Makdis yetu. Na ukitaka msikiti, Pumwani palikuwa na Riyadha, na pale Majengo mtu wa Pwani alikula wali wa nazi kama yuko kwao. Basi mgeni sikuwa. Lakini peke yangu nilikuwa.

Asubuhi saa kumi na mbili watu walimiminika kama mto. Walitoka Maringo, Jericho na Bahati, wakavuka Jogoo Road, wakapita Mbotela na Makongeni, wakaruka reli wakaingia Industrial Area, wote kwa miguu ili kuokoa nauli. Jioni mto ulirudi, na ungeweza kujua kwa mwendo wa mtu siku yake ilikuwaje. Jumapili watu wale wale uliwaona wamevaa kanzu nyeupe na vilemba, wa kanisa la African Israel Nineveh na makanisa mengine ya Roho, wakiandamana na bendera na ngoma barabarani. Mlinzi wa lango letu kazini, aliyekuwa akitukanwa na madereva juma zima bila ya kujibu, nilimwona Jumapili moja amebeba ngoma kubwa anaipiga mpaka jasho linamtiririka shingoni. Jumatatu alikuwa mtu mpya. Nilimcheka siku hiyo, na sasa najua nilikosea.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mtu wa Nyanza, karani wa mizani katika bohari moja la nafaka. Kila mtu alimwita Ndugu, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mombasa. Alikuwa ameokoka, yaani ni katika wale wa Uamsho ulioanzia pande za Rwanda na Uganda ukaenea katika miaka ya 1930, ukaingia Kenya mwaka 1937 kwa njia ya Kabete. Waganda waliwaita balokole. Wimbo wao, Tukutendereza, ni wa Kiganda, na ndugu wa Kiluo, wa Kikuyu na wa Kiluhya wote waliitikia kwa Kiganda hicho hicho. Mimi niliujua kwa moyo bila ya kutaka, kwani kila Jumatano jioni watu kama kumi na wawili walijazana chumbani kwa Ndugu, wakakalia kitanda, mikebe na benchi la kuazima, na ukuta wa Baraza la Mji hauna siri.

Nilidhani watu wa dini wakikutana huhubiri. Hawa walihubiri kidogo sana. Walikuwa na jambo waliloliita kutembea nuruni, na maana yake ni kwamba mtu husimama akasema waziwazi alivyoishi tangu walipoonana. Na aghalabu walichosema kilihusu kazi. Mmoja alisema amempigia kadi mwenzake aliyechelewa, siku tatu mfululizo. Mwingine, dereva, alisema ameuza galoni mbili za petroli. Mwanamke mmoja aliyefagia ofisi mjini alisema anamchukia msimamizi wake mpaka akisikia viatu vyake ngazini tumbo humkata. Wakimaliza waliimba. Kisha ndipo yalipoanza maneno ambayo mimi, nikiwa nimelala na kitabu kifuani, niliacha kusoma nikayasikiliza: walimuuliza mtu yule atafanya nini kesho. Dereva aliulizwa atairudishaje ile petroli. Mfagiaji aliulizwa kama msimamizi humgusa, na alipokaa kimya, mzee mmoja mstaafu wa reli alisema keshokutwa wake wawili watamsindikiza mpaka kazini, wamwamkie huyo msimamizi kwa heshima, ajue dada yao ana watu. Nao walimsindikiza.

Mwaka 1981 Ndugu mwenyewe alisimama. Bosi wake alimletea karatasi. Magunia yaliyopita mizani ni mia moja na sitini, na karatasi imeandikwa mia mbili. Alitakiwa atie sahihi tu. "Nimesali siku nne," nilimsikia akisema, "na kila nikisali naona watoto." Basi nilingoja waseme yale ambayo ningeyasema mimi: mtegemee Mungu, atakuonyesha njia. Yule mzee wa reli hakusema hivyo. Aliuliza kodi ya chumba ni kiasi gani. Akauliza watoto wangapi wanalipiwa karo. Akauliza kama amemwambia mtu wa chama cha wafanyakazi. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya benchi, na nikasikia sarafu.

Baadaye ndipo nilipofahamu walikotoka watu hawa. Wakati wa Mau Mau wengi katika ndugu wa Uamsho walikataa kula kiapo, na baadhi yao waliuawa kwa hilo, na wengi wao wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali. Mtu aweza kuwalaumu kwa siasa yao, na wako wanaowalaumu hata leo. Lakini hawakujifunza kukataa katika bohari la nafaka. Walikuja nako.

Ndugu hakutia sahihi. Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba bosi alishikwa na Ndugu akapandishwa cheo, kama katika michezo ya redio. La hasha. Alihamishwa mizani akapelekwa uani kuhesabu magunia matupu, na baada ya miezi mitatu akaachishwa kazi. Alikaa bila ya kazi miezi saba. Unga ulikuja kila Jumamosi kwa zamu, na kodi ililipwa, ijapokuwa mara mbili ilichelewa. Mwishowe alipata kazi ya mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Na mkewe, ambaye katika habari hizi hasahaulikwi ila na wanaume, alimwambia mke wangu wakianika nguo, "Mama, ndugu wanaleta unga, Mungu awabariki. Lakini anayeupima uwatoshe watoto wanne ni mimi." Maneno hayo nimeyaweka karibu na yale ya mzee wa reli, na sijapata kuamua lipi ni zito.

Sasa nifike kwangu. Nusu mwaka kabla ya hapo, mimi pia niliwekewa karatasi. Haikuwa magunia, ilikuwa mipira ya magari, na wala haikuwa kampuni ya Ndugu. Nilikuwa nikisali sala tano. Ijumaa nilikwenda Riyadha. Sura ya Al-Mutaffifin, inayowahusu wapunjao vipimo, niliihifadhi chuoni kabla sijaota meno ya pili. Nilijua kabisa ninachokifanya. Nikatia sahihi.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba Ndugu alikuwa na imani kubwa kuliko yangu. Siamini tena hivyo. Ninavyoona, tofauti ilikuwa kwamba karatasi ya Ndugu ilisomwa na watu kumi na wawili kabla hajaijibu, na yangu niliisoma peke yangu, chumbani, taa imezimwa. Pale msikitini nilisimama bega kwa bega na mamia, na hakuna hata bega moja lililojua. Nikitoka niliulizwa habari za Pwani, nami nilijibu ni njema.

Hapa najua maalim wangu wa barazani ataniinulia kidole, naye ana haki. Sisi tuna sitara. Mola akikufunika, hujifunui. Mwenye kufanya dhambi usiku kisha akaitangaza mchana amejizidishia, na toba ni baina ya mja na Mola wake, si baina ya mja na watu kumi na wawili waliokalia mikebe. Nami nimeona Maringo madhara ya kusahau hilo. Jumatano moja mwanamke alisema mbele ya watu jambo lililopaswa kusikiwa na mumewe tu, na mtaa mzima ulilijua kabla ya Ijumaa. Sitaki mtu wetu aige hivyo.

Lakini sitara ni ya kilichokwisha kutendwa. Ile karatasi ilipokuwa mezani mwangu, kabla kalamu haijagusa, haikuwa dhambi yangu bado. Ilikuwa ni mzigo ninaotwishwa na mtu mwingine, na mzigo wa namna hiyo dini yetu imeuwekea jina jingine kabisa, nalo ni shauri. Twashauriana katika posa, twashauriana katika urithi, twashauriana hata chombo kikitaka kupigwa kalafati. Mbona kazi ya mshahara tumeifanya kuwa siri ya mtu na bosi wake? Nashuku kwamba ni fahari. Kijana wa Pwani akienda bara, akirudi huleta zawadi na habari njema, na sisi tulioko barazani hatumuulizi zaidi kwa sababu tunakula zawadi.

Wakristo wenyewe si wote wako kama wale wa Jumatano. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wao wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo katika miaka ya 1970, watu wa nyumba chache za jirani wakikutana sebuleni, na nyingi za Eastlands zinafanya kazi hiyo hiyo. Lakini wapo pia wahubiri wa saa saba mchana, pale bustani ya Jeevanjee na kwenye vituo vya matatu, walio na vipaza sauti na namba ya kupokelea pesa, ambao humwambia kibarua aliyechoka kwamba akipanda mbegu ya shilingi mia tano atavuna cheo. Huyo ni mkopeshaji mwingine tu, na mpwa wangu angemjua mara moja.

Na hapo ndipo niliporudi kwenye swali la simu. Nilimpigia kijana kesho yake. Sikumuuliza kama wenzake husali kwa jina la nani, kwa maana hilo nalijua. Nilimuuliza, "Nani anaongoza hiyo sala?"

"Msimamizi wetu, Mjomba."

"Yule anayeandika ubaoni?"

"Huyo huyo."

"Na huomba nini?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona jambo lililokuwa mbele yake siku zote. "Huomba Mungu atufungulie mioyo ya wadaiwa, walipe. Na atupe nguvu tufikie ile hesabu."

Msomaji Mkristo, kama uko, usione vibaya. Sisemi kwamba msimamizi huyo ni mnafiki. Huenda naye ana bosi anayemwandikia ubao mkubwa zaidi, na huenda anaomba kwa moyo wake wote. Lakini katika sala inayoongozwa na mwenye karatasi, ni nani atakayesimama aseme kuhusu karatasi? Yule mama wa kijijini na mbuzi wake ataombewa na nani? Chumba cha Ndugu kilikuwa kidogo, kina joto, na harufu ya mafuta ya taa, lakini hapakuwa na bosi ndani yake. Watu walivuka reli, wakavuka Jogoo Road, wakafunga mlango, ndipo wakasema. Sala ya kazini, bosi akiwa mbele, humtuliza mtu, sikatai, na utulivu si kitu kidogo kwa aliye na presha. Ila humtuliza ili aendelee kufanya kile kile kilichomnyima usingizi.

Nilimwambia basi akitaka kukaa na wenzake na akae, kwa adabu, kama nilivyokaa mimi nyuma ya ukuta. Wala asidhani imani yake itayeyuka kwa kusikia watu wakimtaja Mola. Lakini lile alilotaka kwao hatalipata pale. Atafute wawili watatu katika hao hao, Mkristo au Mwislamu, ambao tumbo huwakata kama lake, wakutane Jumapili nje ya kazi, Umoja au Kayole, penye chai, waulizane: hizi simu za kuwatisha wazee, tunazipiga au hatuzipigi? Kanuni za Benki Kuu wanazo mkononi. Wakiwa watatu ni vigumu zaidi kuwaweka mbele ya ubao.

Alikaa kimya, nikasikia honi za matatu. Kisha akaniuliza lile swali ambalo mzee wa reli aliuliza mwaka 1981 kabla hajaulizwa.

"Na wakitufukuza, Mjomba? Kodi ya nyumba ni elfu tisa."

Kwa kweli sikuwa na jibu saa ile. Nilimwambia nitampigia. Jioni nilirudi barazani, na safari hii sikuuliza kama ni halali au haramu. Niliwasimulia habari ya mipira ya magari, ambayo kwa miaka zaidi ya arubaini hawajapata kuisikia, hata nduguye mama mmoja. Palikuwa kimya. Yule aliyesema kijana arudi auze samaki alitazama barabarani. Maalim aliyesema haramu alishika tasbihi yake kwa muda, kisha akauliza, "Elfu tisa kwa mwezi?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba nataka ya miezi miwili iwekwe kando, isije ikatafutwa siku ya kufukuzwa.

Tumetoa watatu. Wa nne amesema ana kidogo sasa hivi, atamalizia Ijumaa.